Bonde la Langtang kwa Miguu: Vidokezo kwa Mwenye Likizo na Buti Nzuri

Ukitaja Himalaya mbele ya watu wa kwetu, wengi wanawaza Everest: mitungi ya oksijeni, kamba, na mtu mwenye ndevu zilizoganda barafu. Ipo Himalaya nyingine, ya mtu wa kawaida. Unatembea kutwa, jioni unaingia kwenye nyumba ya mwenyeji, unaagiza wali, unaota moto, unalala, na kesho yake unaendelea. Huna hema, huna mpishi, huna msafara. Nyumba hizo huitwa nyumba za chai, ingawa siku hizi nyingi zina ghorofa mbili na menyu ya kurasa kadhaa. Nepal ina njia nyingi za namna hii. Kwa anayeanza, mimi ningemwelekeza Langtang, bonde lililo kaskazini mwa Kathmandu, karibu na mpaka wa Tibet. Njia yenyewe haina makeke, na wengi wanaoshindwa huko wana miguu mizuri tu. Kinachowaangusha ni haraka. Kwa hiyo utaona vidokezo vingi hapa chini vinakuomba kitu kilekile: siku za ziada.

1. Anza na Langtang, Everest itakusubiri

Njia ya kuelekea kambi ya chini ya Everest kwa kawaida huanza kwa ndege ndogo ya kwenda Lukla, na hali ya hewa ikichafuka unaweza kukaa uwanjani siku nzima ukitazama mawingu. Langtang unaifikia kwa basi. Unashuka Syabrubesi, mji mdogo wa kando ya mto ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na safari ya miguu inaanzia hapohapo. Kutoka pale bonde linapanda taratibu: kwanza msitu na mianzi, kisha malisho, na mwisho kijiji cha Kyanjin Gompa kwenye mita 3,870 hivi, chini ya mlima Langtang Lirung wenye zaidi ya mita 7,200.

Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atajipima kwa urahisi: Kyanjin imezidi kidogo tu kibanda cha Horombo, ambacho kiko mita 3,720. Tofauti ni kwamba Horombo ni kituo cha hifadhi, na Kyanjin ni kijiji chenye watu, ng'ombe wa manyoya waitwao yaki, na duka la mikate.

2. Chagua mwezi kwanza, tiketi baadaye

Oktoba na Novemba anga huwa safi na milima inaonekana vizuri. Machi hadi Mei ni msimu wa laliguras, ua la taifa la Nepal, linalochanua kwenye miti mirefu na kuugeuza msitu wa chini kuwa mwekundu na waridi. Mchana mawingu hupanda, lakini asubuhi ni nzuri. Juni hadi Septemba ni masika ya huko: maporomoko ya ardhi, barabara kukatika, na ruba wanaopenya hadi ndani ya soksi. Desemba hadi Februari njia haina watu wengi, baridi ni kali, na baadhi ya nyumba za juu hufungwa.

Jambo ambalo wageni hulisahau: sikukuu kubwa za Dashain na Tihar huangukia kati ya mwishoni mwa Septemba na Novemba, na tarehe zake hubadilika kila mwaka. Wakati huo nusu ya Kathmandu inarudi kijijini. Anayejua mabasi ya kwenda Moshi mwezi Desemba hahitaji maelezo zaidi.

3. Hesabu usiku, usihesabu kilomita

Ukisoma kidokezo kimoja tu, kiwe hiki.

Ratiba inayouzwa na mawakala wengi iko hivi: siku ya kwanza basi hadi Syabrubesi, ya pili kutembea hadi Lama Hotel, ambacho ni kijiji kwenye mita 2,400 hivi wala si hoteli, ya tatu hadi kijiji cha Langtang, mita 3,430, ya nne Kyanjin, ya tano kupanda kilele kimoja cha jirani, kisha siku mbili za kushuka na moja ya basi. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini tazama siku ya tatu. Unapanda mita elfu moja kwa siku na kulala hukohuko juu. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Mruko huo wa mita elfu ni uleule wa kutoka kibanda cha Mandara hadi Horombo kule Marangu, unaowapa wengi kichwa kinachogonga usiku wa pili.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa. Kati ya Lama Hotel na Langtang kuna vituo vya kulala: Ghoda Tabela, kwenye mita 3,000 hivi, na Thangshyap, juu kidogo ya hapo. Lala kimojawapo. Utafika mapema mchana, utadhani umepoteza siku, utafua soksi na kukaa juani. Kesho yake utaingia Langtang ukiwa mzima na kulala hapo, na siku inayofuata Kyanjin utaifikia kwa mwendo wa saa mbili au tatu tu.

Ukifika Kyanjin, kaa angalau usiku mbili, tatu ikiwezekana. Siku ya kwanza panda Kyanjin Ri, kilima cha nyuma ya kijiji. Sehemu yake ya chini inatosha kuona barafu na vilele pande zote, na mwenye pumzi aendelee hadi juu, kama mita 4,770. Ukiamka salama kesho yake, ondoka saa kumi alfajiri kwenda Tserko Ri. Hicho kina takriban mita 5,000, kimo kinachokaribiana na cha Point Lenana ya Mlima Kenya. Ni safari ndefu ya kutwa, upepo wake mkali, na hakuna nyumba ya chai njiani. Anayetaka starehe badala ya kilele afuate bonde kuelekea Langshisha Kharka, malisho ya juu yasiyo na nyumba za kulala, aende mpaka anapotaka na kugeuza.

4. Kichwa kikiuma, usijifanye shujaa

Ugonjwa wa mwinuko haujali umri wala mazoezi. Kijana wa mbio za marathoni anaweza kulala chali huku bibi wa miaka sitini akiendelea kupanda. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang'amung'amu. Ukiwa na hizo, usipande zaidi. Kaa hapo hadi zipungue. Zisipopungua, shuka. Ukiona mwenzako anayumba kama mlevi, anaongea ovyo, au anahema hata akiwa amekaa, mshusheni mara moja hata kama ni usiku. Langtang ina heri moja kubwa: njia ni moja, na kuteremka ni kufuata mto tu.

Kuna vidonge vya acetazolamide, vinavyojulikana zaidi kwa jina la Diamox, vinavyosaidia mwili kuzoea. Muulize daktari kabla ya kuondoka, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Vidonge hivyo vinakufanya ukojoe mara kwa mara, na choo cha usiku kiko nje kwenye baridi. Umeonywa.

5. Karatasi

Viza ya Nepal wageni wengi huipata uwanja wa ndege wa Kathmandu: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30. Chukua ya siku 30 uwe na nafasi. Raia wa nchi chache, Somalia na Ethiopia zikiwemo, hutakiwa kuomba ubalozini kabla ya safari. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania hayumo kwenye kundi hilo, lakini orodha hubadilika, hivyo hakikisha kabla ya kulipa nauli. Beba kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Mtu anayetoka upande wetu wa Afrika anaweza kuulizwa.

Langtang ni hifadhi ya taifa tangu 1976, na kibali cha kuingia kwa mgeni asiye wa nchi za Asia ya Kusini ni rupia 3,000 za Nepal. Kuna pia kadi ya wapanda milima iitwayo TIMS. Tangu Aprili 2023 Bodi ya Utalii ya Nepal inawataka wageni waende na kiongozi mwenye leseni, na kiongozi huyo au wakala wake ndiye anayekushughulikia kadi. Wapo wanaolalamika kwamba utaratibu huu umeua uhuru wa kutembea peke yako. Mimi naona kiongozi mzuri analipa gharama yake siku ya kwanza tu, anapojua ni nyumba ipi ina jiko linalowaka na ipi ina jiko la mapambo.

6. Soma bima yako mpaka maandishi madogo

Bima nyingi za safari hazigusi kabisa kutembea juu ya kimo fulani. Tafuta inayotaja kwa maandishi angalau mita 5,000 na kuokolewa kwa helikopta. Na ukiugua, piga simu ya bima wewe mwenyewe au mwenzako kabla helikopta haijaitwa. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza mtandao wa uokoaji wa bandia, ambapo wageni wenye maumivu madogo walirushwa mjini ili bima zilipe fedha nyingi. Kichwa kinachoweza kutulia kwa kushuka mita 500 kwa miguu hakihitaji rubani.

7. Fedha taslimu, tena noti ndogo

Huko juu usitegemee mashine ya kutolea fedha, na M-Pesa yako haina kazi. Badilisha dola Kathmandu, hesabu matumizi ya kila siku, kisha ongeza ya siku tatu. Bei hupanda kadiri unavyopanda, kwa sababu mtungi wa gesi, mchele na chupa ya soda vimefika kwa mgongo wa nyumbu au wa binadamu. Kubishana bei ya sahani ya wali kwenye mita 3,800 ni aibu.

8. Chumba ni rahisi kwa sababu chakula ndicho biashara

Huu ndio mkataba usioandikwa wa nyumba za chai. Chumba unapewa kwa bei ndogo, lakini chakula cha jioni na kifungua kinywa unakula hapohapo. Kulala kwa mama mmoja na kwenda kula kwa jirani ni kumvunjia heshima, na wengine watakudai bei kubwa ya chumba, kwa haki.

Chumba chenyewe: vitanda viwili, godoro, blanketi zito, kuta za mbao nyembamba zinazopitisha kila mkoromo. Hakina moto. Moto uko ukumbini, kwenye jiko la chuma linalokokwa kuni au samadi ya yaki, na huwashwa jioni tu. Ndiyo maana saa kumi na mbili wote mko pale, mwenyeji, wapagazi, watoto wanaofanya kazi za shule na mgeni kutoka Korea, mmezunguka jiko moja. Agiza chakula mapema, hata saa mbili kabla, na watu wa meza moja waagize vitu vinavyofanana. Jikoni kuna moto mmoja na mikono miwili. Maji moto ya kuoga, kuchaji simu na intaneti hulipiwa kando. Choo mara nyingi ni cha kuchuchumaa chenye ndoo na kopo. Hapo angalau sisi tuna faida juu ya watalii wengine.

9. Kula dal bhat na uache nyama

Menyu itakujaribu kwa piza na tambi. Iache. Dal bhat ni wali, mchuzi wa kamande (adesi, kwa watu wa pwani), mboga na achari kidogo, na ukimaliza wanakuongezea bure hadi useme basi. Ndicho kinachopikwa kila siku, kwa hiyo ndicho kilichopikwa karibuni kuliko vyote. Chapati zipo, chai ya maziwa yenye viungo ipo, na hutajiona mgeni mezani. Chai ya siagi na chumvi ni jambo jingine. Ionje kwa adabu.

Watu wa bonde hili ni Wabudha, na kuchinja ni mwiko kwao. Nyama unayoiona kwenye menyu imepanda kutoka chini kwa siku kadhaa bila friji. Msomaji Mwislamu amepata jibu la swali lake humohumo: kula mboga, mayai na dengu, na shaka inaisha. Na kibla kutoka Langtang ni magharibi, karibu moja kwa moja.

Kyanjin wanatengeneza jibini ya maziwa ya yaki katika kiwanda kidogo kilichoanzishwa miaka ya 1950 kwa msaada wa wataalamu wa Uswisi. Nunua kipande cha kula njiani. Ngumu, yenye chumvi, tamu sana ukiwa na njaa.

10. Nguo: mitumba kwanza

Koti zito la manyoya ya bata, suruali ya kuzuia upepo, sweta za sufu: vyote hivi vinapatikana Gikomba au soko la Memorial pale Moshi kwa bei ambayo mtalii wa Ulaya angelia akiisikia. Kilichobaki utakipata mtaa wa Thamel, Kathmandu, ambako maduka huuza na kukodisha mabegi ya kulalia, fimbo za kutembelea na makoti yenye nembo maarufu zilizoshonwa jirani. Begi la kulalia likodishe, hasa Oktoba kwenda mbele, maana usiku wa Kyanjin maji huganda.

Kitu kimoja tu usikinunue dakika za mwisho: buti. Zivae mwezi mzima nyumbani, sokoni, kazini, hata harusini kama watakuruhusu. Na beba ndala za kuvaa jioni na soksi nene.

11. Mpagazi ni mtu, si toroli

Mkiwa wawili, mpagazi mmoja anatosha. Mpe mzigo ambao ungekubali mdogo wako aubebe. Kilo 20 ni kiwango cha Kilimanjaro, na hakuna sababu ya kukisahau kwa kuwa umevuka bahari. Hakikisha ana bima, koti, viatu na mahali pa kulala. Bahasha ya shukrani mpe mkononi, siku ya mwisho ya kutembea.

12. Adabu za njia

Utakutana na kuta ndefu za mawe yaliyochongwa maandishi ya sala. Zipite kwa upande wa kushoto, ili ukuta ubaki mkono wako wa kulia. Usikalie mawe hayo wala kuegemeza begi. Misafara ya nyumbu na yaki ikija, simama upande wa mlima, kamwe si upande wa korongo. Mnyama mwenye mzigo hajui kuomba samahani. Ukisikia vurugu juu ya miti ya msitu wa chini, tazama vizuri: ni kima wenye manyoya ya kijivu na nyuso nyeusi. Panda mwekundu naye anaishi hifadhini humo, lakini usimwahidi mtu kwamba utamwona.

13. Ukifika kijiji cha Langtang, punguza sauti

Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko la ukubwa wa 7.8 liliitikisa Nepal. Juu ya Langtang, barafu na miamba vilimeguka kutoka mlimani na kukifunika kijiji karibu chote. Upepo wa maporomoko hayo uliangusha miti hata ng'ambo ya mto. Mamia walikufa, wenyeji pamoja na wageni na wapagazi wao. Nyumba moja iliyojibana chini ya jabali ndiyo iliyosalia. Leo njia inapita juu ya kifusi hicho, uwanda mpana wa mawe, na kijiji kimejengwa upya pembeni kidogo. Kuna mnara wa kumbukumbu wenye majina.

Waliojenga upya ni hawahawa wanaokupikia. Wengine watakusimulia, wengine hawataki. Usiulize kabla hujaambiwa, na usipige picha za kujichekea mbele ya majina. Nikishauri ulale Langtang badala ya kupita mbio kwenda Kyanjin, hii ni sababu mojawapo: usiku mmoja na sahani mbili za wali ni mchango unaomfikia mwenye nyumba bila kupita kwa mtu.

14. Maji, umeme, simu

Usinunue maji ya chupa. Plastiki yake haina pa kwenda. Beba chupa yako na vidonge vya kusafisha maji, au nunua maji yaliyochemshwa, ambayo usiku ukiyatia kwenye chupa ngumu yanapasha joto miguu kitandani. Plagi za Nepal ni za pini za duara, hivyo ile ya pini tatu bapa tuliyoizoea haitaingia bila adapta. Usiku lala na simu na pawabenki ndani ya begi la kulalia, maana baridi humaliza betri. Laini ya Nepal Telecom kwa kawaida inashika zaidi bondeni. Saa ya Nepal iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 2 na dakika 45, basi kabla ya kupiga nyumbani fanya hesabu.

15. Acha siku mbili huru Kathmandu kabla ya ndege

Barabara ya Syabrubesi ni ya milimani, na basi huchukua saa saba hadi tisa siku ikiwa njema. Siku mbaya haina kikomo. Julai 2025 mafuriko ya mto Bhotekoshi yalisomba daraja la mpakani na China, juu kidogo ya Syabrubesi, na kuharibu barabara za wilaya ya Rasuwa, ambamo Syabrubesi ipo. Kwa hiyo tiketi ya kurudi, iwe ya kupitia Doha, Dubai au Istanbul, ikatwe kwa tarehe inayokuachia siku mbili tupu baada ya kushuka mlimani. Uliza hali ya barabara kwa wakala siku moja kabla ya kwenda, na tiketi ya basi la kurudi ikate Syabrubesi jioni ile ile unayofika, kwa sababu mabasi huondoka asubuhi na viti vya mbele huisha kwanza.

Siku hizo mbili zisipoliwa na barabara, zitumie Boudhanath, kwenye stupa kubwa nyeupe, mnara wa ibada wa Kibudha. Ni mwendo mfupi wa teksi kutoka uwanja wa ndege, na hakuna cha kupanda.